Breki ya Vipande 15

Fundi baiskeli yeyote wa mtaani anaijua breki isiyo na waya. Imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na ili ishike unarudisha pedali nyuma. Ukiifungua juu ya gunia utaona koni, gololi, viatu vya breki na vikorokoro vingine, kila kimoja na upande wake, kila kimoja na zamu yake. Kosea kimoja tu, gurudumu litagoma kuzunguka, au litazunguka na breki isishike. Hata wewe unayesoma hapa, ukikabidhiwa vipande hivyo kwenye sinia bila mtu wa kukuelekeza, utahangaika.

Mwaka 1972 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Marc Gold, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa breki ya namna hiyo, yenye vipande 15. Walioifunga walikuwa watu 64 wenye ulemavu wa akili wa kiwango cha kati na kikubwa, waliokuwa wakishinda katika karakana 4 zilizotengwa kwa ajili yao. Katika karakana za aina hiyo, kazi waliyopewa watu kama hao ilikuwa nyepesi mno: kufungasha, kupanga, kutenganisha vitu. Iliaminika kwamba hapo ndipo uwezo wao unapoishia. Gold alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, na hakuiamini imani hiyo.

Alipanga vipande kwenye trei kwa kufuata zamu ya kufungwa. Kwa kundi moja, alipaka rangi nyekundu ule upande wa kila kipande unaopaswa kumtazama mfungaji kikishakaa sawasawa. Kundi jingine lilipewa vipande vilevile bila rangi. Mwalimu alisema maneno machache sana. Kipande kikikaa vizuri alinyamaza, na huo ukimya ndio uliokuwa habari njema. Kikikaa vibaya, alimwambia mwanafunzi ajaribu namna nyingine.

Karibu wote walijifunza. Waliopata rangi walijifunza haraka zaidi, kwa tofauti kubwa. Kisha wakaletewa breki nyingine ya vipande 24, wakaifunga na hiyo. Mwaka mmoja baadaye walipojaribiwa tena, ustadi ulikuwa bado umo mikononi mwao.

Nataka tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Hakuna aliyepewa dawa, na hakuna aliyepandishwa kiwango cha akili. Kilichobadilika ni trei, rangi na mdomo wa mwalimu.

Rangi ilifanya nini hasa? Jibu lilikuwa limeandaliwa miaka michache kabla, katika jimbo la Connecticut, na watafiti wawili, David Zeaman na Betty House. Walikuwa wakiwapa watu wenye ulemavu wa akili mchezo mdogo: vitu viwili mbele yako, chini ya kimoja kuna zawadi, chagua. Zawadi iko siku zote chini ya kitu cha umbo fulani au rangi fulani. Walipochora maendeleo ya kila mmoja kwenye karatasi waliona jambo la ajabu. Mtu alikuwa akibahatisha kwa muda mrefu, nusu anapata, nusu anakosa, kana kwamba hajifunzi chochote. Halafu ghafla mstari unapanda. Na ukishaanza kupanda, hupanda kwa kasi inayokaribiana na ya mwanafunzi mwepesi. Tofauti kati ya mwepesi na mzito ilikuwa katika urefu wa kile kipindi cha kubahatisha.

Mwaka 1963 walieleza maana yake. Kujifunza kuna hatua mbili. Kwanza ujue pa kuangalia: ni rangi, ni umbo, ni upande wa kushoto au wa kulia? Pili ujue la kufanya. Mtu mwenye ulemavu wa akili hukwama zaidi kwenye hatua ya kwanza. Ulimwengu unamrushia mambo mengi kwa pamoja na hajui lipi ni la maana. Akionyeshwa pa kuangalia, sehemu kubwa ya mzigo imetuliwa. Rangi nyekundu ya Gold ilikuwa kidole kinachoonyesha: angalia hapa.

Nadhani kila mama aliyewahi kumfundisha kijana wake kuvaa fulana anaijua hali hii bila kusoma kitabu. Unamwambia "geuza", anageuza, bado mbele iko nyuma. Unarudia kwa sauti ya juu zaidi. Yeye haoni tatizo la fulana. Anachokiona ni uso wako uliokunjamana. Lakini shona kipande cha uzi mwekundu ndani ya ukosi wa nyuma, kisha mfundishe jambo moja tu, kwamba uzi mwekundu uguse shingo kwa nyuma. Sasa ana pa kuangalia.

Sisi Waswahili tuna methali inayowaumiza watu hawa kila siku bila sisi kukusudia: samaki mkunje angali mbichi. Kwa watoto ni usia mwema. Kwa mtu wa miaka 30 inageuka kuwa hukumu: huyu ameshakauka, mwacheni. Nchini Uingereza katika miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini hivyohivyo, hadi Alan Clarke na Beate Hermelin walipoandika katika jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 1955, habari za watu wazima wachache waliokuwa wakiishi katika hospitali kubwa ya watu wenye ulemavu wa akili. Watu hao walifundishwa kazi za kiwandani: kukata waya kwa urefu sahihi, kuunganisha kwa risasi nyaya za rangi nne kwenye plagi ya televisheni, kufunga pampu ya baiskeli kwa hatua zake zote. Siku za kwanza walikuwa wabovu wa kutia huruma. Baada ya mafunzo ya mpangilio walifikia kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amewakadiria. Fundisho walilotoa watafiti wale ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila kituo: namna mtu anavyofanya siku ya kwanza haitabiri atakapofika.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi tumewapima kwa kipimo kimoja, mtihani wa akili. Mwaka 1935, huko Vineland, New Jersey, Edgar Doll alitengeneza kipimo cha aina nyingine. Badala ya kumpa mtu mafumbo, aliuliza anaishi vipi: anajilisha, anajivisha, anakwenda dukani, anashirikiana na wenzake? Mwaka 1959 chama cha wataalamu wa ulemavu wa akili nchini Marekani kiliingiza stadi hizo za maisha katika tafsiri rasmi ya ulemavu huo, na mwaka 2013 mwongozo mkuu wa madaktari wa akili wa Marekani ulikwenda mbele zaidi: ukubwa wa ulemavu usipangwe tena kwa alama za mtihani, upangwe kwa jinsi mtu anavyoyamudu maisha yake. Stadi hizo hutajwa kwa mafungu matatu. Kuna za kufikiri, kama kujua saa na pesa. Kuna za kuishi na watu, kama kusalimu, kungoja zamu, kumtambua anayekudanganya. Na kuna za mikono: kuoga, kupika, kupanda daladala.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili limechunguzwa kwa njia yake. Huko Usenge, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake walipima watoto wa Kijaluo kwa mambo mawili: mitihani ya aina ya shuleni, na ujuzi wa dawa za miti zinazotumika nyumbani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati. Watoto hao hawakuwa na ulemavu, na simlinganishi yeyote na mwingine. Ninachosema ni kwamba karatasi ya mtihani haimalizi habari za kichwa cha mtu.

Sasa tuingie kituoni. Nazungumzia vituo vya kutwa, vile ambavyo mtu mzima mwenye ulemavu wa akili huletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Kwetu ni vichache, vingi vinaendeshwa na makanisa, vyama vya wazazi na mashirika, na mtu akishavuka umri wa darasa maalumu mara nyingi hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo kituo kikipatikana, mzazi hushukuru hata kama mwanawe anashinda kwenye benchi akipewa rangi achore ua. Mtu wa miaka 35, mwenye ndevu, anaimbishwa nyimbo za chekechea. Hilo linanisikitisha kuliko upungufu wa vifaa.

Badala ya ua, chukua chai. Mwalimu anayejua kazi yake haanzi na mwanafunzi. Anaanza na chai. Anaipika mwenyewe polepole na kuandika kila anachokifanya: chukua sufuria, chota kikombe cha maji, mimina, chota cha pili, washa jiko, weka sufuria, ngoja mapovu, tia kijiko cha majani, zima, weka chujio juu ya kikombe, mimina, tia sukari, koroga. Hizo ni hatua 13, na kwa mtu mwingine huenda zikawa 20, kwa sababu "washa jiko" peke yake ni kazi nne. Orodha hiyo ndiyo trei ya Gold. Kisha anatafuta rangi nyekundu: mstari wa rangi ya kucha ndani ya sufuria kuonyesha maji yaishie wapi, utepe kwenye swichi ya jiko kuonyesha mahali pa kusimama. Picha za hatua zibandikwe ukutani kwa urefu wa macho ya mpishi. Kama kuna simu, video fupi ya kila hatua hufanya kazi nzuri, hasa ikionyesha mikono tu, kwa upande ule anaouona mfanyaji.

Halafu huja jambo ambalo wazazi wengi hulistaajabia: unaweza kuanza kufundisha kutoka mwisho. Mwalimu anafanya hatua 12, anamwachia mwanafunzi ya 13. Anakoroga, anakunywa. Siku ile ile amemaliza kazi na amepata malipo yake, chai ya moto. Akishaimudu, anaachiwa na ya kutia sukari, kisha kumimina, hadi mlolongo wote uwe wake. Tukianza kutoka mwanzo, mtu hujifunza kushika sufuria kisha ananyang'anywa, na utamu wa kazi anaupata mwingine.

Msaada nao una ngazi zake. Ya chini kabisa ni kungoja. Kisha kuonyesha kwa kidole, kisha neno, kisha kumfanyia mfano, kisha kumgusa kiwiko, na ya juu kabisa ni kumshika mkono. Kwa kazi isiyo na hatari unaanza na ngazi ya chini na kupanda pale tu inapolazimu. Kwa moto na maji yanayochemka unafanya kinyume chake: unaanza ukiwa umemshika mkono, kosa lisipate nafasi ya kumuunguza, kisha unaulegeza mkono wako siku baada ya siku. Katika njia zote mbili msaada unaingia ukiwa tayari na siku ya kuondoka. Msaada usioondoka hugeuka kuwa hatua ya kazi. Kijana anayengoja kila siku aambiwe "haya, koroga" amejifunza kungoja kuambiwa.

Ile ngazi ya chini kabisa, kungoja, ndiyo ngumu kuliko zote kwetu sisi tunaosaidia. Sekunde 5 ni ndefu sana unapomtazama mtu akiwa ameshika kijiko bila kufanya kitu. Mdomo unawasha. Lakini kichwa kinachofanya kazi taratibu kinahitaji sekunde hizo, na neno letu likiingia katikati linakuwa kelele nyingine, jambo jingine la kuangalia.

Daftari pia halikwepeki. Hatua ziorodheshwe upande mmoja, tarehe juu, na kila siku iwekwe alama: amefanya mwenyewe, au kwa msaada gani. Baada ya wiki tatu daftari litasema ambalo kumbukumbu haiwezi kusema. Hatua ya saba haijasogea? Basi ikatwe vipande vidogo zaidi, au itafutiwe rangi nyingine. Gold alishikilia kwamba mwanafunzi akikwama, mwalimu ndiye wa kujaribu namna nyingine. Hilo si la kumfariji mzazi tu; ndiyo njia yenyewe ya kazi.

Kuna ukuta mmoja ambao vituo vingi hugonga. Mama anakuja kulalamika: "Mwalimu, mnasema anapika chai, mbona nyumbani hagusi hata kikombe?" Wala hajadanganywa. Kituoni kuna jiko la gesi, nyumbani kuna la mkaa. Kituoni sufuria ni ya bluu, kwake ni nyeusi na mfuniko umepotea. Kwetu hayo ni madogo. Kwa mtu ambaye shida yake ni kujua lipi la kuangalia, ni chai nyingine kabisa. Mwaka 1977 Trevor Stokes na Donald Baer waliandika kwamba ustadi hauhami wenyewe kutoka mahali hadi mahali. Kuhama kwake lazima kufundishwe. Kwa hiyo fundisha kwa vifaa vya nyumbani kwake, badilisha sufuria mapema, badilisha mwalimu, na mwalike dada yake aone orodha ya hatua. Pesa ifundishwe kwa pesa halisi, kwenye duka la mtaani, muuzaji akiwa na haraka zake. Noti za karatasi ya boksi hufundisha noti za karatasi ya boksi. Na kwa asiyejua kujumlisha kuna njia: hesabu noti za elfu kulingana na neno la elfu unalolisikia, kisha ongeza moja. Bei ni 2,300. Anahesabu mbili, anaongeza moja, anangoja chenji. Ananunua bila hesabu ya kutoa.

Nyumbani ndiko kuna kizuizi kingine, na sikitaji kwa lawama. Ni upendo. "Mwache, ataungua." "Mwache, tumechelewa." Mama aliyemlinda mwanawe dhidi ya majirani wenye maneno makali kwa miaka 25 hawezi kumkabidhi kisu cha kumenyea viazi kwa siku moja. Walezi wa kulipwa nao wana upande wao. Huko Uingereza, Jim Mansell, aliyekuwa mkuu wa Kituo cha Tizard katika Chuo Kikuu cha Kent, na wenzake walichunguza nyumba za watu wazima wenye ulemavu wa akili na kukuta kwamba kuongeza idadi ya wahudumu peke yake hakuwapi wenyeji shughuli. Kilicholeta tofauti ni wahudumu wafanye nini. Njia waliyoisaidia kukua inasema kila tukio la siku lina nafasi ya mtu kushiriki: kidogo, mara kwa mara, kwa msaada wa kiasi kinachohitajika tu, na mwenyewe akichagua. Hakuna kifaa cha kununua. Nguo zinafuliwa kila siku, na mtu anaweza kupokea pini za kuanikia hata kama hafui.

Sisemi kila mtu atajitegemea. Wapo ambao ulemavu wao ni mkubwa mno, wenye kifafa kisichotulia, wasiosema neno. Kwao ushindi unaweza kuwa kunyoosha mkono wenyewe uingie kwenye shati, au kutikisa kichwa kukataa uji na kusikilizwa. Huko kukataa nako kufundishwe kwa bidii ileile ya chai. Mtu aliyezoezwa miaka yote kutii kila mkono unaomgusa hana kinga mbele ya mkono mbaya. Kujua sehemu za mwili wake, kusema hapana, kumwambia mtu anayemwamini: kituo kisichofundisha hayo, kwa wanawake na kwa wanaume, kimeacha mlango wazi.

Zamani watu wengi wenye ulemavu huu hawakufika utu uzima. Kwa wenye sindromu ya Down, wastani wa maisha katika nchi tajiri ulikuwa miaka 25 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo unakaribia 60. Mabadiliko hayo yanaleta swali ambalo wazazi wengi hulibeba usiku bila kulitamka: nikifa, nani atampikia? Sheria zetu zimeshawatambua watu hawa. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini sheria haimfundishi mtu kuwasha jiko. Wanaovikagua vituo hivi wangekuwa wanauliza swali moja tu, tungefika mbali: nionyeshe daftari la hatua za mtu mmoja, nione mwezi huu anafanya nini ambacho mwezi uliopita alifanyiwa.

Na wewe mwenye ndugu, mtoto au jirani wa namna hii, usingoje kituo kijengwe. Chagua kazi moja anayoipenda. Ifanye mwenyewe taratibu leo usiku, uandike hatua zake. Tafuta mahali pa kuweka alama nyekundu. Kesho asubuhi mwachie hatua ya mwisho, kisha funga mdomo na uhesabu hadi 5.